Nilihangaika kupandisha kinga, kumbe kinga ndiyo iliyokuwa ikinila

Kitu cha kwanza kilichonishinda ni mkasi. Mimi ni fundi cherehani, na mkono wangu wa kulia umekata vitambaa tangu nina miaka 19. Asubuhi ile nilikuwa na miaka 36. Niliingiza vidole kwenye mishikio ya mkasi, nikabana, vidole havikufunga. Sikuwa nimeumia wala kuanguka. Vifundo vilikuwa vimejaa, vina joto ukivigusa, na ngozi juu yake inang'aa. Niliviloweka kwenye maji ya uvuguvugu nikasubiri. Kufika saa nne vilikuwa vimelegea, nikarudi kwenye kazi, nikasahau.

Nikawa nikisahau hivyo kwa miezi saba. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye leo yuko mwezi wa pili wa ugonjwa huu wa viungo, baridi yabisi.

Mwanzoni nililaumu kazi. Nilibadilisha kiti, nikapandisha meza, nikaacha vitambaa vizito. Kisha maumivu yakahamia mkono wa kushoto, ambao haushiki mkasi kabisa. Kisha yakaingia chini ya vidole vya miguu, nikawa kila nikishuka kitandani nahisi kama nakanyaga changarawe. Nilipewa diklofenaki, dawa ya maumivu, nikaimeza mchana na usiku mpaka tumbo likaanza kuwaka. Mahali pengine walinipima asidi ya yuriki, ikaonekana imepanda kidogo, nikaambiwa ni jongo. Mahali pa tatu walinipima kipimo cha damu kiitwacho RF, kinachotumika kutafuta baridi yabisi, kikarudi hasi. Mhudumu akaniambia, "Mama, huna baridi yabisi." Nilitoka pale nimefurahi, na furaha ile ilinipotezea miezi mitatu.

Baadaye ndipo nilielewa kwamba RF peke yake haifungi wala haifungui kesi. Wapo watu wengi wenye baridi yabisi ambao RF yao ni hasi, hasa mwanzoni. Wapo pia wenye RF ya juu ambao viungo vyao havina tatizo lolote: umri mkubwa unaweza kuipandisha, na hata homa ya ini aina ya C. Kipo kipimo kingine, anti-CCP, ambacho kikiwa chanya kinaelekeza kwenye ugonjwa huu kwa uhakika zaidi. Changu kilikuwa chanya sana. Hakuna aliyekuwa amekiagiza, nami sikujua kwamba kipo.

Lakini hata kabla ya damu, mwili wenyewe ulikuwa ukisema. Maumivu ya uchovu wa kazi hupungua ukipumzika. Yangu yalizidi nikipumzika na kupungua nikijisogezasogeza. Viungo vilikakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa nzima. Vilivyovimba vilikuwa viungo vidogo, vya mikono yote miwili na miguu yote miwili, upande huu ukilingana na ule. Ukiona hayo yakiendelea kwa wiki sita, usiombe dawa nyingine ya maumivu. Omba kuonana na daktari bingwa wa magonjwa ya viungo, na umweleze dakika ngapi zinapita asubuhi kabla mkono haujafunga ngumi. Idadi hiyo ya dakika ilimsaidia daktari wangu kuliko maneno "naumwa sana" niliyokuwa nimeyasema kote nilikopita.

Sasa nije kwenye kosa langu kubwa.

Kila mtu aliyeniona alisema jambo moja: kinga yako imeshuka. Dada yangu, wateja, jirani zangu, wote. Nami niliamini, kwa sababu lugha yetu imezoea kuzungumzia kinga kama maji ya kisima, ama yamepanda ama yameshuka. Mtu akiumwa, yameshuka, basi yapandishwe. Nilinunua vidonge vya vitamini, nikanunua zinki, nikanunua unga wa majani yaliyokaushwa. Cherehani moja kati ya mbili nilizokuwa nazo ilikwenda hapo. Niliiuza mwezi wa nne wa ugonjwa ili niendelee kununua kinga.

Ndipo nikapata unga mmoja ulioandikwa kwa nje kuwa ni wa asili na unaimarisha kinga ya viungo. Orodha ya vilivyomo haikuwepo. Siku ya tatu tangu nianze, niliamka nikafunga ngumi. Nililia. Nilikata magauni mawili siku ile, nikampigia dada simu kumwambia nimepona, na nikawaambia wengine watatu wanunue. Hao watatu ninawawaza hadi leo.

Wiki zilivyopita niliona mambo ambayo sikuyaunganisha. Uso ulijaa ukawa wa mviringo. Njaa haikuisha. Usingizi ulikatika. Mchubuko mdogo uliacha doa jeusi kwa siku nyingi. Niliona ni afya inarudi, maana nilikuwa nimekonda. Baada ya kama wiki tisa unga ukaniishia, na muuzaji akasema mzigo mwingine unakuja. Siku ya nne bila unga nilishindwa kusimama. Nilitapika, macho yakaingia giza kila nikiinuka, na viungo vyote vikarudi kuvimba kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. Nilifikishwa hospitali nikiwa nimebebwa.

Daktari aliyenipokea aliniangalia uso kwa muda, kisha akauliza, "Mama, ni dawa gani umeacha wiki hii?" Nikasema sijaacha dawa yoyote. Akauliza tena, taratibu, safari hii akitaja unga, chai, matone, vidonge vya dukani. Ndipo nikamweleza. Shinikizo la damu lilikuwa chini sana, na kipimo cha kotisoli cha asubuhi kilionyesha kwamba mwili wangu karibu haukuwa ukiitengeneza. Alisema kwa dalili zile anaamini kabisa unga ulichanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, na kwamba imewahi kugundulika mara nyingi, katika nchi mbalimbali, dawa za viungo zinazoitwa za asili zikiwa zimetiwa deksamethasoni au prednisoloni kwa siri.

Nieleze hapa kilichonipata, maana kinaweza kumpata hata aliyepewa steroidi kihalali. Juu ya kila figo kuna tezi ya adrenali, nayo hutengeneza kotisoli, homoni inayoshikilia shinikizo la damu na kuusaidia mwili kuhimili maradhi na majeraha. Ukimeza steroidi, ambazo hufanya kazi kama kotisoli, kwa wiki kadhaa, ubongo unaona kotisoli imetosha na kuziambia tezi zipumzike. Ukiacha ghafla, dawa inaondoka na tezi bado zimelala. Kwa hiyo mtu aliyetumia prednisoloni kwa zaidi ya wiki tatu hashauriwi kuiacha kwa siku moja. Hushushwa polepole, na daktari ndiye anayepanga hatua. Siku hizi natembea na kadi inayosema natumia steroidi na dawa zangu nyingine, ili nikianguka njiani wajue.

Nafuu ile ya siku ya tatu ilikuwa ya kweli. Mwaka 1948, huko Mayo Clinic Marekani, daktari Philip Hench na wenzake walimdunga kotisoni, ambayo ni steroidi, mgonjwa wa baridi yabisi, na ndani ya siku chache akaweza kutembea. Mwaka 1950 Hench alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na wanakemia Kendall na Reichstein. Baada ya hapo ndipo madhara ya kutumia dozi kubwa kwa muda mrefu yalipoanza kuonekana: mifupa kuwa myepesi, sukari kupanda, maambukizi. Kwa hiyo unga ukikutuliza kwa kasi ya namna ile, na haujaandikwa una nini, acha kushangilia, upeleke kwa daktari. Wala usiutupe leo hii na kukaa kimya. Nenda nao.

Nilikaa wodini siku nane. Ya tano, daktari bingwa wa viungo alivuta kiti akakaa. Nilimwambia ninachotaka ni dawa ya kupandisha kinga. Hakunicheka. Alisema, "Mama, kinga yako haijashuka. Imekosea mtu."

Alinieleza hivi. Kinga kwanza ni kazi ya kutambua. Seli nyeupe za aina ya T hufundishwa kwenye tezi ndogo nyuma ya mfupa wa kifua, na zile zinazoushika mwili wenyewe kwa nguvu huuawa kabla hazijatoka. Chache huponyoka, na mwili una njia nyingine za kuzituliza. Kwa mtu kama mimi utulivu huo umevunjika. Seli zimeingia kwenye utando laini unaozunguka kiungo, zinaitana kwa kemikali, na moja ya kemikali hizo inaitwa TNF. Utando unanenepa, maji yanajaa, na baada ya muda unaanza kula gegedu na mfupa wa pembeni. Uvimbe, joto, wekundu na maumivu ni mambo yaleyale yanayotokea kidole kikichomwa na mwiba wenye vijidudu. Tofauti ni kwamba kwangu hakuna mwiba, kwa hiyo hakuna kitakachoisha ili kinga irudi nyumbani.

Nilimfikiria kaka yangu mwenye pumu. Naye tulimnunulia vidonge vya kupandisha kinga kwa miaka. Kingamwili zinazomsumbua ni za aina ya IgE, ambazo kwa asili hutusaidia kupambana na minyoo, ila kwake zinalikamata vumbi. Seli zinamwaga histamini na vitu vingine, njia za hewa zinabana. Ile dawa yake ya kuvuta ya kila siku, ambayo alikuwa akiiacha kila akijisikia vizuri, kazi yake ni kutuliza kinga ndani ya mapafu. Nilimpigia simu kutoka wodini kumwambia hilo.

Nilianzishiwa prednisoloni ya dozi ndogo na methotreksati, dawa ya kutuliza kinga. Hapo pana kosa jingine, na hili lingeweza kuniua. Methotreksati kwa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki. Kwangu ilikuwa vidonge vinne vya miligramu 2.5, siku ya Jumatatu. Mahali nilipochukulia dawa, pakiti iliandikwa "kila siku". Nilimeza Jumatatu, nikameza Jumanne. Jumatano binti yangu wa miaka 12, aliyekuwa akinisomea karatasi kwa sababu vidole vilishindwa kuikunjua, akauliza, "Mama, mbona daktari ameandika kwa wiki?" Tulirudi hospitali muda uleule. Walinipima damu, wakanipa dawa ya kupunguza makali yake, wakanifuatilia. Nilipata vidonda mdomoni kwa siku kadhaa, vikapona. Wapo waliofariki duniani kwa kosa hilihili, kwa sababu dawa hii ikimezwa kila siku huzima uloto wa mifupa, kule damu inakotengenezewa.

Tangu siku ile nimeandika JUMATATU kwa kalamu nene kwenye kopo. Asidi ya foliki, vitamini ya kupunguza madhara yake, naimeza siku nyingine, siyo Jumatatu, ili nisichanganye. Ukipewa methotreksati, mwambie anayekupa aitamke siku kwa mdomo wake na wewe uirudie. Mwanamke anayetarajia kupata mimba aseme mapema, kwa kuwa dawa hii huharibu mimba, na lazima iachwe kwa miezi kadhaa kabla. Ini na wingi wa damu hupimwa kila baada ya wiki chache mwanzoni. Na kuna dawa moja ya kawaida sana, kotrimoksazoli, ambayo haitakiwi kukutana nayo. Zote mbili zinazuia kazi ya folati, vitamini ya jamii ya asidi ya foliki, na zikiwa pamoja uloto unaweza kuzimika. Niliandikiwa kotrimoksazoli kwa maambukizi ya mkojo na mtu asiyejua dawa zangu. Nilitoa kadi, akasoma, akabadilisha. Asingeona kadi, asingejua.

Kilichonitesa kuliko yote ni kusubiri. Methotreksati huchukua wiki sita hadi kumi na mbili kabla hujaiona kazi yake. Nilikuwa nimezoea unga wa siku tatu. Wiki ya tano nililala nikiwa nimeamua kuacha. Nilichofanya badala yake ni kuhesabu: kila asubuhi niliandika dakika za kukakamaa na idadi ya vifundo vilivyovimba. Wiki ya kwanza ya kuhesabu, dakika 150. Wiki ya tisa, dakika 70. Mwili wangu haukuwa umeona tofauti, daftari lilikuwa limeiona.

Hata hivyo haikutosha. Tuliongeza salfasalazini na haidroksiklorokwini, mchanganyiko wa zamani ambao bei yake inavumilika na ambao huwasaidia wengi. Nilipata nafuu zaidi, ila vifundo vitano vilibaki vimevimba, na picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa kidole kidogo cha kulia umeanza kulika. Ndipo daktari akataja sindano za kuzuia TNF. Jaribio la kwanza la dawa hizo kwa wagonjwa wa baridi yabisi lilifanywa London mwaka 1992 na Marc Feldmann na Ravinder Maini. Nilimuuliza kwanza nani atalipa, na kwa muda gani. Uliza hilo mapema na upate jibu kamili, kwa sababu ukianza na kukatiza kwa kukosa fedha, ugonjwa unarudi. Uliza pia kama ipo ile inayotengenezwa kwa kufanana na ya kwanza. Yangu ni hiyo, na bila hiyo nisingeweza.

Kabla ya sindano walinipima kifua kikuu. Nilikasirika. Sikuwa na kikohozi wala jasho la usiku, na nilihisi ni njia nyingine ya kunichelewesha. Kipimo cha ngozi kikavimba milimita 14. Kifua kwenye picha kilikuwa safi. Nilikuwa na vijidudu vya kifua kikuu vilivyolala mwilini, huenda tangu utotoni, kama ilivyo kwa takriban robo ya watu wote duniani.

Daktari alinichorea. Kinga ikishindwa kuviua vijidudu hivi, huvizungushia ukuta wa seli, na mtu anaweza kuishi miaka 50 bila kuugua. TNF, ileile inayonila vidole, ni sehemu ya kinachoushikilia ukuta huo. Ukiizuia ili kuokoa viungo, unaulegeza ukuta. Miaka michache baada ya dawa hizi kuanza kutumika, wagonjwa kadhaa waliamka na kifua kikuu kikali, mara nyingi nje ya mapafu, na tangu hapo watu hupimwa kwanza. Nilikaa na mchoro ule mkononi kwa muda mrefu. Miezi yote nilikuwa nimeichukia kinga yangu. Nilikuwa sijajua kwamba usiku na mchana imekuwa ikinishikia ukuta.

Nilimeza isoniazidi, dawa ya kifua kikuu, na vitamini B6, ini likipimwa mara kwa mara, maana methotreksati nayo hulisumbua ini. Baada ya mwezi mmoja wa isoniazidi ndipo nikaruhusiwa sindano ya kwanza, na nikaendelea na vidonge hadi dozi ikaisha. Walipima pia homa ya ini aina ya B, ambayo inaweza kuamka vilevile. Chanjo nilimaliza kabla. Zile za vijidudu hai, kama ya homa ya manjano, hazitolewi ukiwa kwenye dawa hizi, kwa hiyo mwenye safari aulize mapema.

Jambo la mwisho ambalo sikuambiwa na nililijua kwa hofu: kinga ikitulizwa, homa nayo hutulia. Mwaka jana nilikaa siku tatu na uchovu na maumivu ubavuni, kipimajoto kikisoma nyuzi 37.4, nikasema si kitu. Ilikuwa nimonia. Sasa sisubiri joto lipande. Nikipumua kwa haraka, nikichoka kuliko kawaida, au kidonda kikibadilika rangi, naenda siku hiyohiyo na kadi yangu, na sindano ya wiki ile naahirisha mpaka daktari aseme.

Leo asubuhi nilikakamaa dakika 15. Kidole kidogo cha kulia kimepinda na hakitanyooka. Nimejifunza kushika mkasi kwa kidole cha kati na cha pete, na mstari wa shingo unatoka vizuri, ingawa polepole. Cherehani ya pili sijainunua. Mwezi ujao tunashusha prednisoloni kutoka miligramu 5 hadi 4, na daftari liko pembeni ya kitanda.